Nywele za Mwanasesere wa Baba Mdogo

Baba mdogo wangu alikuwa fundi cherehani pale Kibiti, kwenye baraza ya duka la nguo la Mhindi mmoja, na alikuwa na mwanasesere ambaye hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumgusa. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya utawala wa Mwingereza. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Nilikuwa nimeletwa kutoka visiwani, kule deltani ambako baba yangu alikata boriti za mikoko, ili nisome chuo cha Kurani na nijifunze kushika sindano. Kushika sindano nilijifunza. Mengine niliyojifunza mwaka ule, baba hakuyaagiza.

Mwanasesere yule aliachwa na mke wa Mzungu mmoja wa idara ya misitu. Baba mdogo alimshonea yule mama mapazia na foronya kwa muda mrefu, na walipohamishwa, mama akampa kwa kumuaga, maana binti yao alikwisha kuwa mkubwa. Mtu mwingine angempelekea mwanawe nyumbani acheze. Baba mdogo alimsimamisha mezani, akamzungushia futi ya kitambaa kifuani, kiunoni na nyongani, akaandika vipimo vyote kwenye daftari kama anavyomwandika mteja. Tangu siku hiyo, kila mtindo mpya wa gauni aliousikia kutoka Dar es Salaam, aliushona kwanza kwa masalio ya vitambaa, akamvika yule mwanasesere, akamweka kwenye kirafu cha ubao juu ya cherehani. Wanawake walikuja kutoka Mtunda na Mbwara, wengine bado na vumbi la njiani miguuni, wakasimama mbele ya baraza, wakaonyesha kwa kidole.

"Fundi, nishonee kama la huyo."

Basi kazi ikawa imekwisha nusu. Hakuna kubishana juu ya kola wala marinda.

Mwanasesere mwenyewe alikuwa na urefu kama wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kiuno chembamba, viatu vya kisigino, na nywele. Nywele ndizo zilizoniua mimi. Zilikuwa za rangi ya asali, laini, zimechomoza kwenye vitundu vidogo vya kichwa kwa mistari, kama mpunga uliopandwa na mtu mwenye subira. Kila asubuhi, kabla ya kufungua cherehani, baba mdogo alivaa miwani yake iliyofungwa uzi sikio moja, akamshusha, akazichana polepole kwa mswaki wa zamani. Mama mdogo, mkewe, alikuwa akipita na ndoo ya maji na kusema kwa sauti ya kusikiwa na majirani:

"Mke mwenzangu keshaamka? Mimi mwaka wa ngapi huu, sijachanwa nywele na mtu!"

 Baba mdogo aliendelea kuchana.

Binti yao alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, na mimi nilimwita dada. Dada alikuwa na sura ya mtoto mtulivu na akili ya mtu aliyekwisha kufungwa jela. Yeye ndiye aliyegundua kwamba siku ya Ijumaa, baba yake akienda msikitini, mwanasesere hubaki peke yake kwenye kirafu, na mwenye duka naye hufunga mlango akaenda kula.

"Tumchukue kidogo tu," akaniambia. "Tumfanyie harusi. Watakapotoka msikitini, keshakaa mahali pake."

"Akituona mtu?"

"Tuseme tumetumwa tukamfulie gauni."

Hilo la gauni lilinishawishi, kwa kuwa lilikuwa uongo wenye adabu. Tulimchukua tukaenda naye uani nyuma ya jiko. Harusi tuliyoijua sisi ilikuwa na utaratibu wake, na hatukutaka kuuruka. Tulimwosha uso. Tukampaka hina miguuni kwa juisi ya majani, ambayo bahati nzuri haikushika. Kisha dada akaleta kibati cha mafuta ya nazi, tukampaka kichwani mpaka nywele zikalala kama nyasi baada ya mafuriko. Bi harusi hawezi kutoka bila kufukizwa. Mimi nikachota makaa jikoni nikatia kwenye chetezo cha mama mdogo, dada akatupia kipande cha udi, na tukamshika bi harusi wetu kwa miguu, kichwa chini, nywele zikining'inia juu ya moshi.

Nilikuwa nimewaona kina mama wakifukiza nywele zao namna ile maisha yangu yote. Nywele zao hazikuwa za nailoni.

Kwanza zilitoa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona. Kisha zikajikunja zote kwa pamoja upande wa kulia, kama kamba waliotiwa kwenye mafuta ya moto. Ikatoka harufu ambayo sikuwahi kuisikia popote, wala si ya kitu kinachoungua jikoni. Dada akamvuta juu, lakini tayari ilikuwa imechelewa. Juu ya sikio la kulia palikuwa na tonge gumu jeusi, na mahali pengine ngozi ya kichwa ilionekana, waridi na wazi. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimebaki, zimeganda mafuta, zimeshikana na majivu.

Tulitazamana. Kisha, Mungu atusamehe, tukacheka. Tulicheka mpaka dada akakaa chini. Halafu tukasikia watu wanatoka msikitini, kicheko kikakatika.

Dada ndiye aliyefikiri haraka. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akamfunga mwanasesere ushungi, akamkaza chini ya kidevu. Tulimrudisha kwenye kirafu tukiwa tunahema. Baba mdogo akaja, akavua kofia, akakaa, akavaa miwani. Akamwona.

"Hee," akasema. "Huyu naye kasilimu lini?"

 Nilihisi masikio yangu yanawaka.

"Leo Ijumaa, baba," dada akasema, macho chini. "Tuliona si vizuri akae kichwa wazi."

Uso wa baba mdogo ukalainika kabisa. Akamwita mwenye duka aje aone. Akawaambia wateja wote wa jioni ile kwamba watoto wake wana haya na dini. Nilitamani ardhi inimeze. Dada, kwa upande wake, aliinamisha kichwa na kupokea sifa zote kama haki yake.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kwa siku kadhaa angalau, kwa sababu ule ushungi ulipendwa, na baba mdogo, kwa kuuheshimu, aliacha kumchana asubuhi. Lakini Jumamosi asubuhi alikuja mama mmoja mwenye heshima zake, mke wa mfanyabiashara wa mpunga, akasema binti yake anaolewa na anataka gauni la siku ya kutolewa nje. Si gauni tu. Alitaka aone na nywele zinavyokaa juu ya kola, kwa kuwa alisikia maharusi wa mjini siku hizi wanafunga nywele juu.

"Nitakuja na bi harusi mwenyewe Alhamisi," akasema. "Uniwekee huyo mwanasesere wako tayari, nywele juu, shingo ionekane."

"Hata usijali, mama," akasema baba mdogo. "Mpaka Alhamisi huyu atakuwa amefungwa nywele kama malkia."

Dada akanifinya mkono. Bado nina hakika ile alama ilikaa wiki nzima.

Tulikuwa na siku tano. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa la kijinga, na wazo lilikuwa langu. Shambani kwa jirani palikuwa na mahindi mabichi, yenye zile nywele zake ndefu za rangi ileile ya asali. Nikazing'oa kwenye mahindi sita. Baba mdogo alipokwenda kuswali tukamshusha mwanasesere, tukachonga lile tonge jeusi kwa wembe, tukapaka ulimbo pale penye upara, ule ulimbo wanaonasia ndege, tukabandika nywele za mahindi fungu kwa fungu. Jumapili jioni zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilijivuna. Kwa mbali, hakuna mtu angeweza kujua. Tukafunga ushungi juu yake, tukalala tukiwa na raha.

Jumanne zilikuwa zimekauka na kusinyaa kama uzi uliotafunwa na mbuzi. Halafu nikaona baba mdogo anapeperusha mkono juu ya cherehani, mara ya kwanza, mara ya pili. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani, wakapita kwenye kirafu, wakapanda gauni, wakaingia ndani ya ushungi.

"Huyu ana nini leo?" akauliza.

"Labda ni udi, baba. Unanukia," akasema dada.

"Sisimizi wanafuata udi?"

"Wa Kibiti wanafuata."

Sijui mpaka leo kwa nini hakumfungua ushungi pale pale. Nadhani alikuwa na kazi nyingi, na kukagua kichwa cha mwanamke aliyejistiri kulimpa haya.

Jioni ile, baba mdogo akiwa msikitini, tulikwenda kwa msusi. Alikuwa mwanamke mzee aliyekaa upande wa pili wa barabara ya Lindi, mwembamba, mwenye vidole virefu, na lafudhi nzito ya Kindengereko aliyoitumia zaidi alipotaka kugombeza. Karibu wanawake wote wa mtaa walikuwa wamepita magotini pake. Tulimpelekea mwanasesere ndani ya kikapu, tumemfunika majani ya mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeniletea mboga?"

"Hapana, bibi. Tumekuletea mteja."

Akafungua ushungi. Akatazama mahindi, ulimbo, majivu, mafuta na sisimizi wawili waliobaki. Alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Hivi nyie," akasema, "huyu mmemsuka au mmempika?"

Tukamweleza yote. Dada alijaribu kuruka sehemu ya makaa, bibi akamrudisha. Alipokwisha kusikia alisema hana muda wa kusuka sanamu, ana vichwa vya watu. Ila akakaa tena, akampindua kichwa huku na huku, akakikwaruza kwa ukucha. Nikaona amenasa. Mtu wa kazi hawezi kuacha kitu kilichoharibika.

"Nitawaambia la kufanya," akasema, "na mtafanya wenyewe. Hakuna cha kununua hapa. Vyote mnavyo jikoni kwenu."

La kwanza lilikuwa mafuta. Alituambia tusitie maji kabisa. Tulinyunyiza unga mkavu wa muhogo kichwani, mwingi, tukaukandika mpaka kwenye mizizi, tukamfunga ushungi wake. Unga ungenyonya mafuta mpaka asubuhi. Akarudi hivyo kirafuni, na baba mdogo akapiga chafya mara tatu alipopita karibu yake.

Kesho yake, Jumatano, ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bibi msusi alisema pale penye upara lazima papandwe nywele nyingine, zipitishwe kwenye vile vitundu vya zamani kwa sindano, kutokea ndani. Kutokea ndani maana yake kichwa kitoke.

"Kinatoka?" nikauliza.

"Kila kilichoingizwa kinatoka. Mtie kichwa kwenye maji ya moto kidogo, shingo italegea."

Shida ilikuwa moja. Baba mdogo hukaa barazani kutwa, na kirafu kikibaki kitupu ataona. Adhuhuri alipokwenda kuswali, tulimshusha mwanasesere, tukamlegeza shingo kwa maji ya birika, dada akazungusha, kichwa kikatoka na mlio kama wa kizibo. Mwili tukaurudisha kirafuni na gauni lake. Juu ya shingo tukachomeka danzi, lile chungwa chachu, tukalifunga ushungi vizuri, tukamgeuza uso, yaani danzi, likatazama ukutani.

Nilikimbia na kichwa mfukoni mwa gauni langu, na nilikuwa nimevuka ua nusu tu nilipokutana na mama mdogo. Alikuwa anatoka chooni na kopo mkononi.

"Una nini mfukoni?"

"Sina kitu, mama mdogo."

Alinyoosha mkono. Nikampa. Akashika kile kichwa kwenye kiganja, macho ya buluu yakimtazama, unga umejaa mpaka kwenye kope.

"Yarabi," akasema taratibu. "Mmemchinja mke mwenzangu."

Nikaanza kulia. Nilidhani sasa yamekwisha, nitarudishwa visiwani kwa jahazi la kwanza la boriti. Lakini mama mdogo aliketi kwenye kinu, akakiweka kichwa gotini, na nikaona anajitahidi asicheke. Akaniuliza kila kitu. Nikasema.

"Baba yako mdogo akijua, hamtaweza kukaa kitako wiki nzima," akasema. "Haya, nendeni. Mimi nitakaa barazani nichambue mchele. Akiuliza, nitamjibu."

Akaenda kweli. Alituhadithia baadaye, na tangu hapo amekuwa akihadithia kila mwaka. Baba mdogo alirudi, akakaa, akatazama kirafu.

"Huyu mbona kageukia ukuta?"

"Kanuna," akasema mama mdogo, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Kanuna na nani?"

"Na mimi. Nimemwambia apike leo, ni zamu yake."

Baba mdogo alinung'unika, akaendelea kushona. Mteja mmoja mwanamke alikuja, akataka kuona mbele ya gauni. Mama mdogo alimzuia mkono, akasema rangi ya mbele bado haijakauka. Rangi gani, hakusema, na yule mama hakuuliza.

Sisi wakati huo tulikuwa uani kwa bibi msusi. Alikikwangua kichwa kwanza, ulimbo na mahindi yakabanduka, na unga ukatoka na mafuta yake, umegandamana kama makapi ya nazi. Ndipo tukaosha. Maji ya uvuguvugu, povu la sabuni ya kipande, na alitupiga vidole kila tulipotaka kusugua. "Si shuka hiyo. Shusha povu kwa vidole, kuelekea chini, basi." Tukasuuza kwa maji yenye ndimu. Tukaanza kuchana, na hapo ndipo nilipojua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nikichana vibaya. Alishika fungu la nywele kwa nguvu karibu na ngozi, akaanza ncha, kidogo, akapanda kidogo, akapanda tena, kwa chanuo la mti lenye meno mapana. Hakuna unywele uliong'oka. Zile zilizoungua ncha alizikata kwa wembe, kipimo cha punje ya mchele, akakataa kukata zaidi.

"Mwenye haraka hukata," alisema. "Halafu anabaki na mkia wa panya."

Kwa upara alileta kipande cha kamba ya katani, akakifumua, akatupa tupige kwenye kinu na sabuni mpaka nyuzi zikalainika. Akazichemsha kwenye manjano ya kupikia. Zikatoka za njano kali mno, kama ua la boga. Akazitumbukiza kwenye chai ya rangi iliyobaki asubuhi, akazitoa, akazilinganisha na nywele za kushoto, akazirudisha tena. Mara ya tatu zikawa za asali. Hata mimi nilizipoteza machoni alipozichanganya.

Kupanda ilikuwa kazi yangu, kwa sababu ndimi niliyekuwa najifunza sindano. Nilikuwa nimechukua sindano nene ya baba mdogo ya kushonea ngozi, bila ruhusa, na nikaitumia. Nyuzi tatu tatu, ndani kwenda nje, fundo dogo ndani ya kichwa, tundu linalofuata. Nilijichoma mara nyingi. Bibi msusi alikaa pembeni akitafuna tambuu, akasema "wima" kila nilipopinda. Lakini kwenye tundu la mwisho alichukua kichwa mkononi mwangu, akakigeuza kwenye mwanga, akasema, "Mmh." Nilifurahia ile mmh kuliko sifa yoyote niliyopata chuoni.

Zilibaki nywele za nailoni, ambazo zilikuwa zimejikunja ovyo. Hizo alizinyoosha kwa maji ya moto yasiyochemka, akayamimina polepole kutoka birikani huku akizivuta kwa kitambaa, zikanyooka. Kisha tukazikunja kwenye njiti za ufagio, tukazifunga uzi, tukamimina tena maji ya moto, halafu ya baridi ya mtungini. Akazipaka utelezi wa bamia zilizochemshwa, kidogo sana, kwa vidole viwili. "Hizi zitakaa mpaka wiki ijayo. Mkimfukiza tena, msije kwangu."

Tulikirudisha kichwa alasiri, baba mdogo alipokwenda kutawadha. Danzi mama mdogo alilikamua kwenye mchuzi wa samaki usiku ule, na baba mdogo akasifu mchuzi.

Alhamisi baba mdogo alifungua ushungi mwenyewe. Tulikuwa tumesimama nyuma ya mlango wa duka. Alivuta fundo, kanga ikashuka, na nywele zikashuka nazo, mawimbi mawimbi, zimeng'aa. Akatoa miwani, akaipangusa, akavaa tena.  Akaanza kuzifunga juu, kwa pini, kwa vidole vyake vya ushonaji. Zikakaa kama zimetiwa wanga.

Bi harusi na mama yake walifika baada ya adhuhuri. Bi harusi alikuwa msichana mnene, mwenye haya, asiyesema. Aliposhikishwa mwanasesere alimzungusha polepole, akamgusa nyuma ya shingo, na ghafla akasema maneno yake ya kwanza.

"Mama, mimi nataka hivi hivi. Na nywele. Nani kamfunga huyu?"

  Nikaona pua ya baba mdogo inacheza. Alikuwa amenusa, na mimi nikajua amenusa nini, maana joto la mchana lilikuwa limeanza kuamsha harufu ya manjano. Akamtwaa mwanasesere kwa adabu, akamsogeza karibu na miwani, akatazama juu ya sikio la kulia. Akatazama sana.

"Ni watu wangu wa nyumbani, mama," akasema. "Wana mikono mizuri. Nitawauliza."

Gauni lilikubaliwa pale pale, na mama yake bi harusi akaagiza na mengine mawili. Walipoondoka, baba mdogo alituita. Hakuinua sauti. Aliweka mbele yetu ile sindano nene ya ngozi, ambayo mimi niliirudisha kwenye kikebe cha vifungo badala ya kwenye kitambaa chake.

"Nani alichukua hii?"

"Mimi, baba mdogo."

"Na nani alichukua kichwa?"

"Mimi, baba," akasema dada. Hiyo ilinishangaza, kwani ingekuwa rahisi kuniachia vyote.

"Na nani alichukua akili zenu?"

Dada akaanza kueleza. Alitusikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, na tulipofika kwenye danzi alimwangalia mama mdogo, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi sana ya kupepeta. Nilitegemea fimbo. Badala yake alituhukumu matundu ya vifungo. Matundu yote ya vifungo ya nguo zote za baraza ile, kwa mkono, mpaka mwezi wa mfungo, uliokuwa mlangoni, utakapoisha. Ukitaka kujua adhabu, shona matundu ya vifungo kwa swaumu. Dada alisema heri fimbo.

Lakini mimi alinipa na kazi nyingine. Mswaki ule wa zamani. Asubuhi iliyofuata aliniwekea mwanasesere mapajani, akaenda kufungua cherehani yake. Nilianza ncha, nikapanda kidogo, nikapanda tena. Yeye alikuwa akitazama kwa jicho la pembeni, na mimi nilijifanya sioni. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa kuonekana.

Habari zilitembea. Mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi mwenye bangili nyingi, alikuja na mwanasesere wa binti yake, mdogo, uso wa udongo wa kaure, nywele zimechafuka kama kiota. Aliomba nimwoshe tu. Nilijiona fundi kamili sasa. Sikumtazama vizuri, sikuuliza, nikamtia kichwa kwenye karai la maji ya uvuguvugu na povu, nikaenda kutafuta chanuo. Niliporudi, nywele zote zilikuwa zinaelea zenyewe karaini, nzima, kama paka aliyelala majini, na mwanasesere yuko chini na kichwa chenye upara kinachong'aa. Za huyu zilikuwa zimegandishwa kwa gundi.

Dada alikuwepo. Hakucheka mara hii. Alinipa kipande cha kitambaa cha melikani, tukakata kikofia cha duara kinachokaa sawasawa kichwani, nikashonea zile nywele juu yake, mstari kwa mstari, kisha tukamvika na kukikaza kwa uji mzito wa muhogo. Ilituchukua siku tatu. Mama wa Kihindi alipokuja aliuvuta msuko mmoja kwa vidole viwili, kujaribu.

"Vizuri," akasema. "Zamani zilikuwa zinalegea. Sasa zimeshika."

Nikamwambia ni sabuni.